Kisiki cha Inchi Thelathini na Nane

Binti yetu wa kwanza tulimpachika jina la Nesi akiwa na miaka sita, kwa sababu alikuwa akifunga bandeji miguu ya viti. Alipokua akawa nesi kweli, na siku hizi anasimamia wodi nzima, kwa hiyo amezoea kusema jambo mara moja na watu wakalifanya. Jumapili ile alinipigia simu nikiwa napiga pasi, akaongea nami kama mimi ni mmoja wa wale wasichana wake wa zamu.

"Mama, Jumamosi nakuja," alisema. "Kile kisiki nikikikuta bado kipo, Baba naondoka naye."

Nikamuuliza anaondoka naye kwenda wapi.

"Kwangu. Kuna kitanda kimoja kimebaki chumba cha watoto. Wewe utafuata tukishapata nafasi."

Kwake ni ghorofa ya nne, lifti hakuna, na kibaraza chake kinatosha ndoo mbili na chungu cha maua. Nilijaribu kumwona mume wangu amekaa pale kutwa nzima akisikiliza magari, na mimi nimebaki huku na vyumba vitatu na ukimya wake, nikajikuta nimeisahau pasi juu ya gauni langu. Miaka arobaini na moja hatujalala mbalimbali, isipokuwa nilipokuwa hospitali kujifungua, na hata huko alikuja akasimama nje ya dirisha mpaka mlinzi akamfukuza.

Lakini ningemlaumu vipi binti? Wiki tatu kabla, baba yake alikuwa ameanguka uani.

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli, na ukimwuliza yeye atakwambia bado ni fundi baiskeli. Presha ya macho ilianza kumla pembeni, ikaja taratibu mpaka katikati, na sasa anachokiona ni mwanga na giza, basi. Hata hivyo kila asubuhi baada ya chai hutoka kwa mlango wa jikoni, huvuka ua, huingia kwenye banda lake, na huko hufungua na kufunga magurudumu kwa vidole. Majirani bado wanamletea kazi. Huwatengenezea vizuri kuliko wenye macho yao mawili, na huwatoza vizuri pia, maana mume wangu ana mkono wa birika. Nampenda sana, lakini ukweli usemwe.

Siku aliyoanguka nilikuwa ndani. Nilisikia kishindo, nikatoka mbio, nikamkuta amekaa chini, damu zinamchuruzika usoni na mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Alishonwa nyuzi tano kwenye paji la uso. Nesi alipomhoji amejikwaa kwenye nini, alijibu bila kusita.

"Kisiki."

Hicho kisiki kilikuwa cha mkaratusi. Miaka miwili iliyopita tuliukata kwa sababu ulikuwa unaangusha matawi juu ya bati, na mkataji akatuachia shina la urefu wa futi moja katikati ya ua, kwa sababu kukata ni bei moja na kuondoa kisiki ni bei nyingine, na sisi tulilipia kukata. Mume wangu alisema kisiki hakimsumbui mtu. Mimi nikawa naanikia juu yake matambara ya jikoni. Tukasahau.

Sasa nilikuwa na siku sita. Nilikuwa pia na elfu themanini, nilizozitoa kwenye kushona sare za shule, nimezificha mahali ambapo hata mwenye macho asingeziona.

Jumatatu nikaanza kutafuta bei. Nilidhani ni kama kununua sukari, unauliza kilo moja kiasi gani unajibiwa. Wa kwanza niliyempigia hakutaka hata kujua mti gani. Alisema laki mbili na nusu, na alisema huku anatafuna. Wa pili alitaka nimtumie picha, na niweke kitu pembeni ili aone ukubwa. Nikaweka kiatu cha mume wangu. Kumbe yule bwana alidhani ni kiatu changu, na mume wangu anavaa namba arobaini na tano. Akanitajia laki moja kwa moyo mweupe. Nilipomfahamisha kwamba kiatu ni cha mzee, na mzee ni mrefu kama mlango, akapandisha hadi laki moja na themanini kabla sijamaliza sentensi. Jirani yangu wa upande wa jikoni akanishauri nikichome kwa moto wa mkaa, wiki moja tu kitakuwa majivu. Moto wa wiki moja, hatua chache kutoka kwenye banda lenye makopo ya grisi na mafuta. Nilimshukuru nikaondoka.

Wa tatu alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya mafua. Alisema hatoi bei kwa simu. "Visiki vinadanganya kwenye simu," alisema. "Nitakuja Jumatano nikione." Nikampenda hapohapo. Kwenye simu yangu nikamwandika Fundi Visiki.

Jumanne nilienda kliniki kuchukua dawa ya matone ya mzee. Niliporudi nilimkuta anapiga filimbi, suruali imejaa udongo mpaka magotini, na toroli limelazwa ubavu. Kisiki hakikuonekana vizuri. Kilikuwa kimezungukwa na kilima cha udongo ulioshindiliwa, kimebaki kichwa tu juu, kama mkate ulioumuka ukatoka kwenye bati lake.

"Nimekitengenezea mteremko," alisema. "Sasa huyo binti yako akija, aniambie mtu atajikwaa wapi hapo."

"Umebeba udongo wote huu na mkono mbovu?"

"Mkono mmoja mbovu. Mwingine mzima."

"Na udongo umetoa wapi?"

"Nyuma ya banda. Bure kabisa." Alilitamka hilo neno bure kwa raha, utadhani analamba asali.

Nilimkaripia mpaka nikachoka. Nilimwambia Nesi hatadanganywa na kilima, kisiki kitaondoka hata kama nitauza cherehani. Alinisikiliza, akageuza uso pembeni, akasema tu, "Kisiki chenyewe hakina makosa, mama watoto." Nikaona ni ubahili umemshika koo. Niliingia ndani nikampashia maji ya kuoga, kwa sababu hasira ni kitu kingine na mgongo wa mtu mzee ni kitu kingine.

Fundi Visiki alifika Jumatano saa nne. Jitu kubwa, polepole, limeshika leso mkononi na futi ya chuma kiunoni. Alianza getini, akalipima. Halafu akaja kwenye kisiki, akakizunguka, akachuchumaa.

"Mkaratusi," alisema, akagonga kichwa cha kisiki kwa kidole. "Mti laini nachukua elfu mbili kwa inchi. Huu ni elfu tatu."

"Mbona hivyo?" nikauliza.

"Mama, watu wanadhani nauza mashine. Mimi nauza meno. Lile gurudumu lina meno ya chuma kigumu, na kila inchi ya mkaratusi inayala. Upana napima usawa wa ardhi, pale kisiki kilipo kipana zaidi. Na hata kiwe kisiki cha mpapai, sishuki chini ya elfu hamsini, maana pikapu yangu haiji kwa miguu."

Akaendelea kunieleza, na mimi nikawa namsikiliza kwa makini. Geti letu ni jembamba, kwa hiyo mashine kubwa, inayomaliza kazi kwa dakika ishirini, haitapita. Italetwa ndogo, itachukua saa mbili, na hapo kuna elfu kumi ya subira. Atasaga mpaka inchi nane chini ya ardhi. Anayetaka kujenga hapo au kupanda mti mwingine anashuka zaidi na kuongeza pesa. Maranda akiyaacha ni bure, akiyabeba ni elfu kumi na tano.

"Yaache," nikasema upesi.

"Na kama mnacho kisiki kingine nawapunguzia. Nikishafika, nimefika."

"Kingine ni mimi," mume wangu akasema kutoka kwenye mlango wa banda. "Lakini mimi nina bei yangu."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Halafu akafungua futi yake, akailaza juu ya kisiki, usawa wa ardhi. Usawa wa ardhi, nasema, lakini ardhi yenyewe ilikuwa kilima cha mume wangu.

"Inchi ishirini na mbili."

Hapa ndipo penye dhambi yangu. Mimi nilikijua kile kisiki. Nilikuwa nimekianikia matambara miaka miwili, nilijua jinsi kilivyojitanua huko chini, mizizi imetoka kila upande. Inchi ishirini na mbili ni elfu sitini na sita, na kumi ya subira, ni sabini na sita. Mimi nina themanini. Nikajifanya hamnazo. Nilimuuliza fundi kama atakunywa chai.

Jumamosi fundi alikuja saa moja na nusu, akaiteremsha mashine kwenye tela, akaipitisha getini kwa kuisukuma kwa tumbo. Alituambia tusimame mbali. Mume wangu alikaa kwenye kiti mlango wa jikoni, mimi nikasimama nyuma yake na mikono yangu mabegani mwake. Nesi alikuwa amesema atafika saa sita. Nilikuwa nimeshapanga: saa nne kisiki hakipo, saa tano nimefagia, saa sita naweka maji ya chai.

Mashine ilianza vizuri. Gurudumu lilikuwa linapita kushoto na kulia juu ya mti, maranda yanaruka, harufu ya mkaratusi ikajaa ua mzima kama dawa ya kifua. Mume wangu akaivuta puani. Kisha gurudumu likashuka likagusa udongo wa pembeni, na kukatoka mlio ambao sijawahi kuusikia. Cheche zikaruka. Kabla fundi hajafika kwenye swichi ukaja mlio wa pili.

Akaizima. Fundi akavua miwani yake ya kazi, akainama, akaligeuza gurudumu polepole kwa mkono. Meno mawili yalikuwa yamevunjika. Akachimba udongo kwa vidole, akatoa kitu, akakifuta kwenye suruali.

"Hiki ni nini?"

Mume wangu akanyoosha kiganja, fundi akakiweka. Vidole vikakizungusha mara moja tu.

"Ekseli ya pedali," alisema. Na rangi ikamtoka usoni.

Nyuma ya banda. Miaka thelathini kila kilichokatika, kilichopinda au kulika kwenye lile banda kilikuwa kinatupwa dirisha la nyuma. Spoki, nati, gololi, vipande vya cheni. Yeye alikuwa amechota kutoka huko toroli baada ya toroli, hakuona, akakizungushia kisiki chuma kitupu.

Fundi hakugomba, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alichukua beleshi letu akaukwangua udongo upande mmoja mpaka chini kabisa, mpaka mizizi ikatokea. Halafu akalaza futi tena.

"Thelathini na nane," alisema, na akanitazama mimi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Nilijua," nikamwambia. "Nilikuona unapima nikanyamaza. Usimlaumu mzee."

"Udongo ni wangu," mume wangu akasema. "Mke wangu hahusiki. Yeye alinikataza."

"Nimesema nilijua."

"Na mimi nimesema udongo ni wangu."

Fundi akapenga kamasi kwa leso, akatungoja tumalize. "Inchi thelathini na nane ni laki moja na kumi na nne," alisema. "Kumi ya subira iko palepale. Jino moja elfu kumi na mbili, yamevunjika mawili. Lakini na mimi nilipaswa kupiga huo udongo teke siku ile, nikaona chai. Jino moja lenu, jingine langu. Meno ya akiba ninayo. Ila siwashi mashine mpaka udongo huu wote uchambuliwe."

Laki moja na thelathini na sita. Mimi nina themanini, na ni saa mbili na nusu, na Nesi yuko kwenye basi. Nilitaka kukaa chini nilie. Badala yake nikaenda kuleta chekeche la unga.

Tulikaa uani, mume wangu upande mmoja wa kilima na mimi upande mwingine, ndoo katikati yetu. Mimi nachekecha, yeye anapapasa kinachobaki. Na alivyokuwa anavipata alikuwa anavitaja. Nati ya gurudumu la nyuma. Gololi. Gololi. Spoki, hii ni ndefu, ni ya baiskeli ya mzigo. Hii ni breki ya yule mwalimu aliyekuwa anaendesha huku anasoma gazeti. Hii kengele niliitafuta mwaka mzima, mama watoto, nikakusingizia wewe umeitupa.

"Ulininunia siku mbili," nikamwambia.

"Tatu."

Nilijua ninapaswa kuwa na hasira. Nilikuwa nimebakiwa na saa chache za kumwokoa asichukuliwe, na yeye amekaa kwenye udongo anafurahi kama amekutana na watu wake. Lakini nilimtazama vile vidole, vyeusi, vinakwenda bila kukosea, na roho ikanilainika nisiweze hata kununa. Nikasema moyoni, huyu mtu ukimweka ghorofa ya nne atakufa, na wala haitakuwa kwa macho.

Saa nne kasoro geti likalia. Nesi alipanda basi la alfajiri. Alisimama pale na begi kubwa tupu mkononi, na hakuhitaji kunieleza lilikuwa la nini. Alimwona baba yake yuko chini, mimi niko chini, fundi amekaa kwenye tela anakunywa chai, na kisiki kiko palepale, kimetafunwa upande mmoja.

"Nilisema nini Jumapili?" aliuliza.

"Ulisema Jumamosi," baba yake akajibu bila kuinua kichwa. "Na Jumamosi haijaisha. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa chini uchambue."

Nilimweleza yote, sikuficha kilima wala zile inchi. Alinisikiliza huku midomo ameibana, vilevile nilivyokuwa nikiibana mimi alipokuwa anarudi shule na ripoti mbaya. Halafu akamwendea fundi, wakaongea kwa sauti ya chini, nikaona anahesabu noti. Alipanga kulipa zile hamsini na sita zilizopungua, bila kuniuliza. Akarudi, akatoa glovu kwenye mkoba wake, akachuchumaa pembeni ya baba yake.

"Saa nane nina basi," alisema. "Kikitoka kabla ya hapo tutazungumza. Nataka kumwona Baba anavuka huu ua kwa macho yangu."

Kikatoka. Saa tano na nusu udongo ulikuwa safi, saa saba na nusu kisiki hakikuwepo. Katikati ya ua kulibaki duara la maranda mekundu, laini, sawasawa na ardhi. Fundi akapitisha reki juu yake mara mbili, bila kuombwa wala kututoza. Mimi nilikuwa nimeshinda. Nilisimama mlango wa jikoni nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na nilijisikia vizuri kuliko siku niliyoolewa, maana siku hiyo viatu vilikuwa vinanibana.

"Haya, mzee," nikamwambia. "Njia nyeupe. Peleka vyuma vyako bandani, binti yako akuone."

Alichukua ndoo. Alikaa kidogo pale mlangoni, akanyoosha suruali. Kisha akaanza kutembea, na alitembea vizuri, mgongo umenyooka, hatua zake zilezile za kila siku. Nesi alikuwa amekunja mikono kifuani. Baba yake alifika kwenye maranda akapunguza mwendo. Akatoa mguu wa kulia mbele, akautingisha hewani, akauweka chini. Akautoa tena, kushoto kidogo, halafu kulia. Akapiga hatua nyingine, na nyingine, akasimama. Akageuka nusu. Banda lilikuwa kushoto kwake, mlango uko wazi, na yeye akaondoka kuelekea kulia, mpaka mkono wake ukagusa ukuta wa jirani. Akaupapasa ukuta ule kwenda juu na chini, ukuta anaoufahamu miaka thelathini, kama mtu aliyeshushwa kwenye mji wa wageni.

Nikafungua mdomo nimwite. Nesi akanishika mkono.

"Nani amehamisha banda?" mume wangu aliuliza. Alitaka iwe mzaha, lakini sauti ilimwangusha.

Tukamwendea wote wawili. Nikampokea ndoo.

"Hatua kumi na moja kutoka mlangoni," alisema, "mguu unagusa kisiki. Unageuka kushoto. Hatua tisa, banda. Miaka miwili nimekwenda hivyo. Kurudi vilevile."

"Lakini Baba, hicho kisiki ndicho kilichokuangusha," Nesi akasema.

"Hakijaniangusha hata siku moja."

Hakutaka kuendelea. Nilimwambia aseme, nikamwambia kwa ukali, kwa sababu nilianza kuogopa.

"Ilikuwa beseni la nguo," alisema. "Mama yako alikuwa anafua. Simu ikaita, akaliacha njiani akakimbilia ndani. Na simu ilikuwa yako, nilisikia anakutaja. Sasa ningesema beseni, mngeanza kulaumiana nyinyi wawili mpaka leo. Kisiki hakina mama, hakina mtoto. Nikakisingizia."

Nililikumbuka lile beseni. Nilikuwa nimelikuta limepinduka, nikadhani nimelipiga teke mwenyewe nikikimbia. Wiki tatu nzima nilikuwa nakichukia kisiki, natafuta pesa, napigana na wauza bei, namwita mume wangu bahili.

"Mbona hukuniambia usiku hata mmoja?" nikamuuliza. "Uliniacha nikakiondoa."

"Nilijaribu kukifukia," alisema. "Nikadhani kikifukiwa mtatulia, na mimi mguu wangu utakipata."

Nilimshika kichwa kwa mikono yangu miwili, pale mbele ya fundi, nikamfuta vumbi kwenye lile kovu. Nilimgeukia fundi, nikamuuliza kukirudisha kisiki ni kiasi gani. Akavua kofia. Akasema hajawahi kuulizwa, na kama angejua bei angetufanyia bure.

Nesi alikuwa anatazama yale maranda.

"Tumemwondolea kitu kimoja tu, amepotea uani kwake," alisema, na hakuwa anamwambia mtu. "Na mimi nilikuja kumwondolea nyumba nzima."

Akavua glovu. Akatembea mpaka kwenye duara, akasimama katikati yake.

"Baba, ni hapa?"

"Sema tena."

"Hapa."

"Rudi nyuma hatua moja. Kidogo tena. Hapo."

Nilimrudisha mume wangu mlangoni nikampa ndoo yake. Akahesabu kwa sauti safari hii. Ya kumi na moja mguu wake ukagusa kiatu cha binti yake, akasimama, akageuka kushoto, akahesabu tisa, akaingia bandani. Tukasikia anavimwaga vyuma mezani, anaanza kuvipanga.

Fundi aliisukuma mashine nje, geti likafungwa. Basi la saa nane lilikuwa linakaribia kuondoka, na nilimkumbusha Nesi. Hakutoka pale alipokuwa amesimama. Alikuwa anamsubiri baba yake arudi.